Arobaini na Shati Lililorudi Ujana

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Chumba cha kufulia bado kina kufuli, lakini mwenye ufunguo ameshafika. Amesimama getini na mama anayefagia barabara, wanataniana kama kila siku.

"Mfuaji, umeamkaje?"

"Nimeamka na mikono miwili, yote inanuka sabuni. Wewe je?"

"Mimi nimeamka na shingo. Imeiva. Leta chumvi tu."

Mama anageuka aonyeshe. Kola ya shati lake la kazi ilishaisha zamani, na shingo imebabuka, ngozi inatoka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Wanacheka. Mama anarudi kwenye ufagio wake. Mwanaume anaingia ndani kwenda kufua nguo ambayo haijawahi kuvaliwa na mtu yeyote.

Huyo ndiye Arobaini. Jina la kwenye kitambulisho analo, ila hata mhasibu akimwita kwa jina hilo hageuki. Ana miaka hamsini na moja, kitambi cha wastani, na kazi ambayo kwa miaka kumi na tisa ameshindwa kumweleza mama mkwe wake mpaka akaelewa. Anafua nguo mpya mpaka zizeeke.

"Watu wanaleta nguo za kukinga jua," anasema huku akifungua mashine ya kufulia. "Mashati, kofia, nguo za kuogelea. Wanasema hii inazuia jua. Sawa. Ikiwa mpya kila kitu kinazuia. Hata bwana harusi akiwa mpya anaosha vyombo. Sisi tunataka kujua baada ya kufuliwa mara arobaini kitabaki nini."

Mara arobaini, kwa hesabu za maabara, ni kama miaka miwili ya mtu mwenye mashati machache. Arobaini anaibana hiyo miaka miwili kwenye siku nane za kazi. Anafua, anakausha, anafua, anakausha, mara tano kwa siku. Nguo za kuogelea anazilowesha kwenye maji yenye dawa ya bwawa. Nguo za kubana anazivuta kwenye fremu ya chuma.

"Lazima uivute," anasema. "Haivaliwi na mti wa kuanikia, inavaliwa na mtu mwenye makalio."

Kuhesabu kwake ni kwa vizibo vya soda. Ana makopo mawili juu ya mashine. Kila mzunguko ukiisha, kizibo kimoja kinahama kopo. Ofisi ilimpa daftari na kalamu, na anaandika kama wanavyotaka, lakini anaamini vizibo. Mwaka wake wa kwanza alikuwa anahesabu kichwani. Akafika ishirini na sita, mtu akaingia kuazima kiti. Kiti kikaondoka na hesabu. Akaanza upya na moja.

Kikitoka kwake, kitambaa kinakwenda chumba cha pili, kwenye mashine iliyofunikwa pazia jeusi. Upande mmoja taa inapiga mionzi ileile ya jua inayounguza ngozi. Upande wa pili kuna jicho la mashine linalosoma kiasi gani kimepenya.

"Namba ikiwa thelathini, maana yake kati ya miale thelathini iliyokuja na ubaya wake, mmoja tu ndio umepita. Hamsini, mmoja kati ya hamsini. Chini ya kumi na tano hupewi cheti, unapewa pole. Fulana nyeupe nyembamba ikipata saba tunaipigia makofi. Na ukipata thelathini na nne, unaandikiwa thelathini. Huku hakuna kubebana."

Hapo kwenye kubebana anakuna kidevu. Kwa sababu mwaka huu nusura abebe mtu. Na mtu mwenyewe ni shemeji yake.

Nyumbani kwa Arobaini kuna jambo moja la aibu, na mkewe halifichi. Mkewe anauza vyombo vya plastiki sokoni, ana sauti ya sokoni, na akianza kusema hata jirani anapunguza redio.

"Nimeolewa na dobi msomi," anasema. "Kazini anafua mpaka wanampa barua ya pongezi. Hapa soksi zake nafua mimi. Nikimuuliza ananiambia, mama watoto, mimi nimechoka na kufua."

"Si kweli nimechoka?"

"Daktari akirudi nyumbani mtoto akaumwa, anasema nimechoka na wagonjwa?"

Arobaini anavaa soksi alizofuliwa.

Sasa, kaka yake huyo mke ni fundi cherehani. Ana vyerehani vitatu na mdomo wa vyerehani vitano. Mwaka huu ofisi ya usafi wa mji ilitangaza tenda ya mashati ya wafagiaji, mashati mia sita, na sharti moja lililowatoa mafundi jasho. Shati liwe na namba thelathini au zaidi, baada ya kufuliwa mara arobaini. Wanaofagia wanakaa juani kutwa nzima, na daktari wa mji alikuwa amechoka kutibu shingo.

Shemeji akajitosa mzimamzima. Alinunua majora ya kitambaa cha njano mpaka dukani kwake hapakuwa na pa kupita. Yaliyobaki akayapeleka kwa mama yake. Mama mkwe akahamia sebuleni na godoro, chumba chake cha kulala kikalala majora.

Maabarani, mzigo ukija unavuliwa jina. Unapewa namba tu, ili anayefua asijue anamfulia nani. Shati la njano lilikuja likaitwa mia moja kumi na saba. Arobaini akalikunjua, akaangalia mshono wa kwapani. Kila baada ya sindano ya saba, uzi unaruka.

"Nikaangalia ule mshono," anasimulia. "Nikaangalia suruali niliyovaa. Nikaona hawa ni ndugu."

Suruali hiyo alishonewa na shemeji. Cherehani cha shemeji kina ugonjwa huo tangu kinunuliwe, kinachechemea kwenye sindano ya saba, na fundi anasema ndiyo sahihi yake.

Sheria ya maabara iko wazi. Ukiijua nguo ni ya nani, sema, atafua mwingine. Arobaini hakusema. Anaeleza bila kujipamba: "Nilijiambia kufua ni kufua. Mashine ndiyo inasoma, mimi nazungusha tu. Nilikuwa najidanganya na nilijua najidanganya."

Shati lilianza vizuri. Lilipokuwa jipya lilisoma thelathini na tatu. Baada ya vizibo kumi, thelathini. Baada ya ishirini, ishirini na saba. Rangi ilikuwa inakimbia, na ule ugumu wa dukani umeisha. Arobaini alikata kile kipande cha ushahidi kinachobakizwa kila baada ya mizunguko kumi, akakitia bahasha, moyo ukiwa mzito kama jora.

Jioni ile akamkuta mama mkwe amekaa sebuleni kwake, mkoba mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Lile shati linaendeleaje?"

"Shati gani mama?"

"Lile ambalo hujui ni la nani."

"Mama, mimi hayo siyajui kabisa."

"Najua hujui. Nauliza tu, hilo usilolijua, halijambo?"

Arobaini akajifanya anakohoa, akaenda kunywa maji. Alikunywa vikombe vitatu kabla mama mkwe hajaaga.

Kesho yake sabuni ikaisha. Maabara haitumii sabuni ya dukani. Wanatumia unga wao maalumu unaokuja kwenye pipa, hauna harufu, hauna rangi. Arobaini anasema hauna hata maisha. Pipa jipya lilikuwa limekwama forodhani. Bosi alikuwa safarini kwenye semina ya wiki nzima. Tarehe ya kupeleka majibu ilikuwa inakuja na haikuwa inapunguza mwendo.

Mwingine angesimama. Arobaini alienda nyumbani, akafungua kabati la jikoni, akachukua pakiti ya sabuni ya unga ya mkewe, akaificha kwenye mfuko wa chakula cha mchana.

"Gramu zilikuwa sawasawa," anajitetea mpaka leo, kidole juu. "Nilipima kwenye mizani. Sitini na sita, hazikuzidi, hazikupungua. Hapo mimi ni mkali."

Alipima sawasawa sabuni ambayo haikuwa sawa. Akaandika kwenye daftari, sabuni, gramu sitini na sita. Hakuna aliyemuuliza ni sabuni gani, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa ilikuwa moja.

Baada ya vizibo thelathini, shati likasoma thelathini na moja.

Mpimaji wa chumba cha pili akagonga mashine ubavuni. Akasoma tena. Thelathini na moja. Baada ya vizibo arobaini, thelathini na tano.

"Mzee, hii mashine imelewa?"

"Shati tu limekaza. Pamba inanywea, si unajua?"

"Inanywea kidogo. Hili limerudi ujana kabisa. Nikiliacha hapa mpaka Jumatatu litaanza shule."

Arobaini alicheka kuliko ilivyohitajika. Kipande cha mwisho akakitia bahasha. Alirudi nyumbani anapiga mluzi, na mluzi huo ndio uliomponza.

Mkewe alikuwa amesimama jikoni, pakiti mkononi, anaipima kwa macho. Mama mkwe alikuwa amekuja tena kwa habari za shati asilolijua mtu. Amekaa pale pale.

"Baba watoto, kaa."

"Nimekaa kutwa."

"Basi simama vilevile. Hii ni pakiti ya pili wiki hii. Nimefua shuka mbili tu. Unamfulia nani?"

"Nani?"

"Ndio nakuuliza mimi, nani? Mwanaume ambaye hajawahi kufua leso ndani ya nyumba hii anatoka na sabuni asubuhi, anarudi anapiga mluzi. Huyo mwanamke ana nguo ngapi?"

Mama mkwe akashusha mkoba chini taratibu, kama mtu anayejiandaa kupigana.

"Mwanangu," akasema, "mwache ajibu. Ila ajibu vizuri."

"Jamani nimeitumia kazini! Ya kazini iliisha!"

"Kazini mnafua na sabuni yangu? Unajua nanunua bei gani? Ile ya bei rahisi ipo, siitaki. Nanunua hii kwa sababu inang'arisha. Shuka la miaka sita ukilianika, mtu anadhani limenunuliwa jana!"

Arobaini akageuka kuiangalia ile pakiti.

Limenunuliwa jana.

"Rudia ulivyosema," akasema.

"Sirudii. Kwanza nijibu huyo mwanamke anaitwa nani."

Usiku huo mkewe alilala amegeukia ukuta, na Arobaini aligeukia dari. Alfajiri alishakuwa kwenye chumba cha giza cha maabara, chenye taa ndogo ya zambarau wanayokagulia vitambaa. Akatoa vile vipande kwenye bahasha. Cha ishirini, chini ya taa, kimekaa kimya, kimefifia. Cha arobaini kinawaka rangi ya bluu kama televisheni iliyosahauliwa.

Akatoa leso yake mfukoni. Inawaka. Akajiangalia. Fulana yake ya ndani ilikuwa inawaka kupitia kola, kifua kizima. "Nimesimama gizani peke yangu," anasema, "nang'aa kama tangazo la duka la dawa. Ndio nikajua mwanamke ninayemfulia ni nani. Ni huyu huyu."

Jambo lenyewe ni hili. Sabuni za kung'arisha zina dawa inayonata kwenye pamba. Dawa hiyo inanyaka ile mionzi mikali isiyoonekana na kuirudisha kama mng'ao wa bluu, ndiyo maana nguo inaonekana mpya. Mashine ya kusoma inaona mionzi haikupenya, inatoa namba kubwa. Hivyo aliyezuia jua alikuwa ni sabuni. Shati lilikuwa limekaa nyuma ya sabuni linapigiwa makofi. Bila ile pakiti, lisingerudi thelathini hata kwa dua.

Taarifa ilikuwa haijasainiwa. Bosi alikuwa anarudi Jumatatu. Arobaini alikuwa na Jumapili nzima ya kuwa mwongo au la.

Jumapili shemeji akaja mwenyewe. Arobaini alikuwa ameshaungama nyumbani habari za sabuni, mama mkwe akampelekea zote, na zile ambazo hakuzielewa alizitengeneza.

"Shem," akasema, akivuta kiti mpaka magoti yakagusana. "Nimesikia una dhamira inakusumbua."

"Sijasema kitu."

"Sikiliza. Wafagiaji nao si wanafua? Watafua na sabuni hii hii. Kwa hiyo jua litazuiwa. Sasa dhambi iko wapi? Mbona wewe unataka kulia msibani kuliko wafiwa?"

"Nyinyi ndio mmeanza kulia."

"Mama yangu analala sebuleni, shem. Kwa ajili ya shati. Damu ni nzito kuliko maji."

"Mimi ni shemeji yako. Damu yako iko jikoni, na yenyewe hainisemeshi."

Lakini ukweli ni kwamba maneno yalimwingia. Usiku aliyapindua kila upande na hayakuwa na tundu. Kama watafua na sabuni ya kung'arisha, namba ni ya kweli. Jumatatu aliamka ameamua kunyamaza.

Saa moja kasoro dakika kumi alikuwa getini.

"Mfuaji, umeamkaje?"

"Nimeamka. Hebu nikuulize. Hilo shati lako unafulia nini?"

Mama mfagiaji akamshangaa. "Unataka kunifulia?"

"Nauliza tu. Sabuni gani?"

"Ya kipande. Kikiisha, maji matupu. Maji yakikatika, nalikung'uta." Akacheka, akajigusa shingo, akafinya jicho. "Kwani kuna nyingine?"

Arobaini anasema alipanda ngazi za ofisini kabla miguu haijabadili mawazo.

Mkuu wa maabara ni mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi na tano, mpole, na upole wake ndio unaotisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Mzee wangu, hapa tunapima shati au tunapima sabuni ya mama nyumbani?"

"Shati."

"Na hili shati ni la nani?"

Arobaini akaangalia viatu vyake.

"Mzee wangu?"

"La shemeji."

"Ulijuaje, na halina jina?"

"Ikabidi nigeuke," Arobaini anasimulia, na hapa hata yeye anacheka mpaka anashika mashine. "Ikabidi nimgeuzie bosi wangu suruali, nimwonyeshe mshono wa nyuma. Hesabu mwenyewe, nikamwambia, moja mpaka saba. Akahesabu!"

Alipata barua ya onyo, ya kwanza kwa miaka kumi na tisa. Ameihifadhi kwenye bahasha moja na ile ya pongezi. Akaondolewa kwenye shati mia moja kumi na saba. Pipa la forodhani lilipofika, mama wa zamu ya mchana, mwanamke mfupi asiye na utani wowote, akaanza upya na kipande kipya, kizibo cha kwanza.

Baada ya mara arobaini, shati la shemeji lilisoma ishirini na nne. Likaandikiwa ishirini. Tenda ikaota mbawa.

Nyumbani palikuwa hapakaliki. Mkewe alishaamini kwamba hakuna mwanamke mwingine, ila akagundua hilo lingekuwa afadhali. Mama mkwe alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," akatamka. "Mimi nilidhani wanasema chawa."

Shemeji yeye alituma mtu kudai suruali.

"Nikampa," Arobaini anasema. "Nilikuwa nimeivaa. Nikaivua, nikaikunja, nikampa. Nilikaa na taulo mpaka mama watoto akanionea huruma. Siku ya kumi na moja hiyo ya kununiwa. Ndio neno la kwanza alilonitamkia: vaa."

Kilichowaokoa ni kwamba wengine walikuwa hoi zaidi. Mafundi wanne waliomba tenda, wote wakaanguka. Mmoja alipata tisa. "Hilo halikuwa shati," anasema Arobaini, "hicho kilikuwa chandarua chenye vifungo." Ofisi ya usafi ikatangaza upya, miezi miwili.

Taarifa ya maabara ilikuwa imeandika sababu wazi: kitambaa kimefumwa kwa nafasi, rangi hafifu. Shemeji hakuielewa, na alikuwa amenuna mno kuuliza. Arobaini akaomba ruhusa kwa bosi amweleze mbele yake, kwenye simu, maneno yaleyale ambayo wanamwambia mteja yeyote.

"Chukua kitambaa, kiinue dirishani mchana, weka mkono nyuma. Ukiviona vidole vyako, jua nalo linaviona."

Shemeji akakata simu bila kuaga. Lakini alienda kwa mama yake, akavuta jora chumbani, akalinyanyua mbele ya dirisha.

"Mama," akasema nyuma ya kitambaa, "nakuona."

"Na mimi nakuona, mjinga wewe. Hilo ndilo limenitoa kitandani?"

Majora ya njano yakawa foronya. Foronya hazihitaji kuzuia jua, na ziliuzika. Safari hii shemeji alizunguka maduka wiki mbili, kila duka anainua kitambaa mlangoni na kuchungulia vidole, wenye maduka wakidhani amechanganyikiwa. Akapata bluu nzito, iliyofumwa kwa kubana, nyepesi kuvaa. Akaongeza kola ndefu ya kufunika shingo na mikanda ya kung'aa ili madereva wawaone. Cherehani hakukibadilisha. Mshono wa saba ukaruka kama kawaida.

Shati jipya lilipofika maabarani, Arobaini ndiye aliyetamka kabla ya mtu yeyote: "Hilo nalijua. Mnitoe."

Wakamtoa. Siku nane alikaa uani na ndoo za nguo za kuogelea, macho yanawasha kwa dawa ya bwawa, anasikiliza mashine yake ikizungushwa na mtu mwingine. Alikuwa anahesabu kwa masikio. Siku ya tano akapiga kelele dirishani, "Mama, hiyo ni ya ishirini na tatu!"

"Ya ishirini na nne," mama wa mchana akajibu bila kugeuka. "Na ukinisemesha tena naanza upya."

Likasoma arobaini na nne. Likaandikiwa arobaini.

Mama mkwe amerudi chumbani kwake. Shemeji ameleta suruali, amefua mwenyewe, na ndani ya mfuko ameweka kidonge cha uzi wa bluu bila maneno. Kwa shemeji huyo, anayeongea mpaka usingizini, kukosa maneno ni zawadi kubwa.

Arobaini amebakiza miaka tisa astaafu. Mtu akimuuliza anapanga nini, hataji nyumba wala gari. Anatoa kopo kwenye kabati, anatikisa. Ndani kuna vizibo, ila arobaini havimo: amemkabidhi mtu.

Siku wafagiaji walipogawiwa mashati ya bluu, alimsubiri yule mama getini na makopo mawili. Akamwambia, kila ukilifua hamisha kizibo kimoja. Usibadilishe chochote. Kipande chako, maji matupu, hata kukung'uta. Zikifika arobaini, niletee. Bosi ameshakubali kutoa mashine nusu saa, na shati lingine la kuvaa siku hiyo.

"Miaka kumi na tisa nimefua nguo ambazo sijawahi kumwona mtu kazivaa," anasema. "Huyu nitamwona. Ikisoma arobaini kwenye shati la mtu aliyefagia kweli, juani kweli, hapo nitajua hatukuwa tunacheza na vizibo."

Leo asubuhi mama amekuja na shati la bluu, kola imesimama. Shingo bado ina kovu, lakini haijaiva.

"Umefika ngapi?"

"Saba."

"Juzi ulisema tano."

"Si nimefua mara mbili? Ulisema kila nikifua nihamishe, nimehamisha. Sasa kosa langu nini, mfuaji?"

"Hamna kosa. Unafua mno. Sabuni utaitoa wapi?"

Swali hilo jioni alilifikisha nyumbani, kwa sauti ya chini, akijifanya anaongea na ukuta. Mkewe alikuwa anapanga vyombo vyake. Hakuinua kichwa.

"Ikimwishia," akasema, "asije kwangu. Na wewe usilisogelee kabati. Soksi zako ziko kwenye beseni, kipande kiko hapo pembeni. Anza na moja."